Kwanza Uliza Maji Yako Wapi



Juma lililopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tabata. Tukasalimiana, akanipa habari za wajukuu na za mafua yaliyoizunguka nyumba nzima, kisha akafika penyewe. "Baba, wewe ndiye unayeshinda huko porini. Niambie, mwezi gani mzuri wa kwenda kuona wanyama? Hawa watoto wamenichosha. Wanataka tembo, na hawamtaki wa kwenye simu."

Nikamjibu, "Shangazi, nipe siku mbili." Akaguna. Alitarajia nimtajie Julai au Agosti, mambo yaishe. Na jibu hilo lipo tayari. Ukimuuliza yeyote anayeuza safari za mbugani, atakuambia nenda kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wa ukame. Si uongo. Lakini jibu hilo limeshonwa kwa kipimo cha mtu anayetoka Ujerumani au Marekani, mwenye siku kumi tu, ambaye pengine hatarudi tena maishani. Mimi na wewe tunaishi hapa. Masika yakianza yanatukuta hapa, vuli ikichelewa tunajua. Kwa nini tuazime kalenda ya mgeni kwenda kutazama wanyama wa kwetu?

Wazee wa mwambao hawakuwa na mwezi mzuri wa kusafiri. Walikuwa na pepo. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba, majahazi yalishuka kutoka Ghuba na Uarabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ikigeuza, kuanzia Aprili, yakapata upepo wa kurudia. Neno lenyewe msimu limetujia kwa njia hiyo ya bahari. Sasa mwendee nahodha wa zamani umuulize, "Mwezi gani mzuri wa safari?" Naye lazima akuulize kwanza, "Unakwenda wapi?"

Porini ni vivyo hivyo, ila badala ya upepo weka maji. Mnyama anafuata maji na majani mabichi. Ukijua maji yako wapi mwezi huo, umeshajua pa kwenda.

Chukua Tarangire. Kwenye mvua, nyumbu na pundamilia wengi wa hifadhi ile hutawanyika, wakaenda hadi tambarare za Simanjiro kwenye majani yenye rutuba, na tembo nao hawana haja ya kukaa pamoja. Mvua zikikata, vidimbwi vinakauka kimoja kimoja, na kufikia Julai mto Tarangire ndio unaobaki kuwa tegemeo la eneo zima. Basi wote wanarudi. Septemba unaweza kusimamisha gari juu ya ukingo, ukazima injini, na ukakaa saa tatu bila kusogea. Makundi ya tembo yanashuka kwa zamu katikati ya mibuyu iliyochubuliwa magome, jike mkubwa mbele, wadogo wamebanwa katikati. Siku moja nilimtazama mtoto wa tembo ambaye alikuwa bado hajajua kuutumia mkonga wake. Aliuchovya majini, akauinua, maji yote yakamwagika kabla hayajafika kinywani. Akajaribu tena. Mwishowe akapiga magoti, akaupindisha mkonga pembeni, akanywa kwa mdomo kama ndama wa ng'ombe. Mama yake alisimama juu yake mpaka akashiba.

Kwa hiyo tembo ni Septemba? Ndiyo, kwa Tarangire. Sasa twende Mkomazi, chini ya milima ya Upare, kwetu. Hifadhi ile ilipandishwa kuwa ya taifa mwaka 2008, nayo inapakana na Tsavo ya Kenya. Tembo hawana pasipoti. Kwenye ukame wengi wao hukaa upande wa Tsavo, kwenye maji ya kudumu. Mvua zikinyesha na mabwawa ya Mkomazi yakajaa, wanavuka kuja kwetu. Ukienda Mkomazi Septemba kwa kuwa umesoma kwamba Septemba ni mwezi mzuri wa tembo, unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukarudi na vumbi. Mnyama ni yuleyule, nchi ni ileile, na miezi imegeuka juu chini. Ndiyo maana nilimwomba shangazi siku mbili.

Huko kusini, Ruaha, kuna hesabu nyingine tena. Kaskazini tuna vuli na masika, mvua mbili. Ruaha, Katavi na nyanda za juu kusini wana mvua moja, ile wanayoiita ya msimu, inayoanza karibu na Novemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo ukame wao ni mrefu, hauna cha kuukatisha. Kufikia Oktoba, mito midogo ya Ruaha inakuwa njia za mchanga mweupe. Hapo ndipo utaona kazi ya tembo. Anasimama juu ya mchanga mkavu, anakuna kwa mguu wa mbele, anachota kwa mkonga, anakuna tena, mpaka shimo linafika kwenye maji yaliyojificha chini. Anasubiri yajichuje, anakunywa ya juu yaliyo safi. Akiondoka, pundamilia na nyani huwa wanangoja.

Nampenda sana tembo huyo, lakini siwezi kumsimulia bila uchungu. Ruaha Mkuu wenyewe, mto mama, haukuwa mto wa kukauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila ukame, kwa sababu maji yake yamechukuliwa juu huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na kwenye ardhi oevu iliyovamiwa na mifugo. Viboko wakabaki kwenye madimbwi ya tope, wamebanana, samaki wakafa. Mgeni anayapiga picha madimbwi yale na kusema Oktoba ni mwezi mzuri, wanyama wako karibu. Wako karibu kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Ningependa kila anayekwenda Ruaha wakati wa ukame alijue jambo hilo, na akila wali wa Mbeya alikumbuke.

Sasa Serengeti. Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Watu wengi wakisikia Serengeti wanaona picha moja tu, nyumbu wanarukia mto na mamba wanangoja. Picha hiyo ni ya Julai hadi Oktoba, kaskazini kabisa, Kogatende, na ng'ambo yake Maasai Mara. Ni kweli inatisha na inasisimua. Lakini nyumbu hana ratiba ya basi. Anaweza kufika ukingoni saa nne asubuhi, akasimama, akanusa, akarudi nyuma, na wewe umekaa juani mpaka saa kumi. Na hauko peke yako. Magari yanajipanga kwa makumi, mengine yanakimbilia mbele yakaziba njia ambayo wanyama walitaka kupita. Nimeona kundi likigeuka kwa sababu hiyo, nikaona haya kuwa ndani ya mojawapo ya magari yale. Ukienda, mwambie dereva wako asimame mbali. Mwambie mapema, kabla hamjafika, kwa maana kule ukingoni kila mtu amepandwa na kiherehere.

Ukiniuliza mimi nichague mwezi mmoja wa Serengeti, nitachagua Februari, na nitakwenda kusini, Ndutu, ambako sehemu kubwa iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kule ni tambarare tupu, majani mafupi kama yaliyokatwa, mbingu kubwa. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na za Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu. Majivu yale yameacha kalisi na fosforasi nyingi ardhini, na majani yanayoota pale yanampa mama anayenyonyesha kile hasa anachokihitaji. Ila kuna sharti. Kusini-mashariki kule mvua ni haba, kama milimita 500 tu kwa mwaka, na maji ya kudumu hakuna. Kaskazini kwenye mto Mara mvua inapita milimita 1,000. Basi nyumbu hawezi kuishi kusini mwaka mzima, na hataki kuzaa kaskazini. Duara lote lile la safari yake, maelfu kwa maelfu kwa mstari mmoja, ni majadiliano kati ya majani matamu na maji ya uhakika.

Naye amepanga uzazi wake humo. Madume hupigania majike kwenye Mei na Juni, mimba inakaa miezi minane na kitu, na wengi wanazaa ndani ya majuma machache, Februari ikiwa katikati. Kwa nini wote kwa pamoja? Fisi na simba wana matumbo, na matumbo yana mwisho. Ndama wakizaliwa wengi kwa siku, wala nyama wanashiba, na walio wengi wanapona.

Nilimwona mmoja akizaa, gari likiwa limesimama mbali, tukitumia darubini. Alijitenga hatua chache na wenzake, akalala, akanyanyuka, akazunguka, akalala tena. Miguu miwili midogo ilikuwa imeshachungulia nje. Mara kitu cha rangi ya kahawia hafifu kikaanguka majanini, kimelowa, kinang'aa. Mama akageuka, akakinusa. Kikainua kichwa. Kikanyoosha miguu ya mbele, kikaanguka kifudifudi. Kikajaribu ya nyuma, kikaanguka ubavuni. Ndani ya gari hakuna aliyekohoa. Mara ya tano kikasimama, miguu imetanuka kama ya kigoda kibovu, kikitetemeka mwili mzima. Zilikuwa hazijatimia dakika kumi. Muda si mrefu kikawa kinakimbia ubavuni mwa mama yake, na sisi hatukuweza tena kukitofautisha na wengine.

Watu wanapotaja nyumbu milioni 1.3, ile hesabu inayorudiwa miaka yote, mara chache hutaja kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000 tu. Sotoka iliyoletwa na mifugo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa iliendelea kuwaua kwa miongo mingi. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa ukakatika, na nyumbu wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Kundi lile unalolitazama Februari lina mkono wa mfugaji na mkono wa bwana mifugo ndani yake.

Ukitoka Ndutu kurudi Karatu utapita juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye kaburi la Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Mwaka 1958 baba na mwana hao Wajerumani walirusha ndege waliyoipaka milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kutazama wanakwenda wapi mvua zikibadilika. Januari 1959 ndege ikaanguka, Michael akafa. Waliyoyaona angani ni kwamba mipaka iliyochorwa kwenye karatasi haikulingana na njia za wanyama. Simama hapo kidogo. Juni mpaka Agosti ukungu wa asubuhi huwa mzito na baridi inaingia kwenye mifupa, chukua koti zito hata kama umetoka Dar es Salaam unatiririka jasho. Kreta yenyewe haina msimu mbaya, kwa kuwa chini kule maji yapo mwaka mzima na wanyama wengi hawahami.

Nimefika kwenye masika, na hapa najua wapo watakaonipinga.

Neno mbuga, msikilizaji, tumezoea kulitumia kwa hifadhi ya wanyama. Lakini muulize mkulima wa Shinyanga au wa Tabora. Kwake mbuga ni ardhi ya bondeni yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kugeuka gundi mvua ikinyesha. Hifadhi zetu nyingi zimelala juu ya udongo huo. Aprili mmoja, Mikumi, dereva wetu alitoka nje ya barabara ya changarawe kidogo tu, mita chache, kwa ajili ya twiga. Tulikwama kuanzia saa tano mpaka magharibi. Kadiri tairi lilivyozunguka ndivyo gari lilivyozama, na matope yakashika viatu mpaka mguu ukawa mzito kama kinu. Twiga alitutazama kwa muda, akaondoka. Kwa sababu hiyo kambi nyingi za Katavi na za Hifadhi ya Nyerere hufungwa Aprili na Mei, na huko sikushauri uende miezi hiyo.

Hata hivyo masika si miezi ya kufutwa kwenye kalenda. Vumbi limelala, hewa ni safi, kila kitu ni kijani, milima inaonekana mpaka mbali. Ndege wamevaa manyoya yao ya uchumba. Hoteli zinashusha bei, na foleni za magari hazipo. Barabara kuu za Serengeti ya kati na za Ngorongoro hupitika siku nyingi. Na kama unapenda kutembea kwa miguu, mvua za kusini zinafanya kazi nyingine nzuri Kitulo, ule uwanda wa juu kati ya Mbeya na Njombe ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili unachanua maua ya kila rangi, zikiwemo okidi za aina nyingi. Wanyama wakubwa hawapo, na hutawakumbuka.

Jambo dogo la nguo kabla sijasahau. Ukienda Katavi, Ruaha au magharibi mwa Serengeti, usivae buluu wala nyeusi. Ndorobo anazipenda rangi hizo, na ndiyo maana utaona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa mitini kumtega. Shati la kaki litakuokoa.

Basi turudi kwenye kalenda yetu wenyewe. Sisi hatupati likizo kwa matakwa ya nyumbu. Shule zikifungwa Juni, nchi imetoka kwenye mvua, majani bado yapo, na Tarangire inaanza kujaa. Sabasaba na Nanenane zinaangukia katikati ya kiangazi. Ikiwa Nanenane imeshikana na mwisho wa juma, mtu wa Dar es Salaam ana siku tatu za Mikumi. Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha Morogoro chini ya saa mbili, na uwanda wa Mkata, huko Mikumi, wakati huo una nyati, twiga na simba bila kutafuta sana. Kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni. Kinachotushinda ni gari na malazi. Jaza gari, gawaneni gharama, laleni mjini nje ya hifadhi. Haitakuwa na fahari, lakini simba ni yuleyule.

Na kabla hujafunga safari fanya mambo mawili. Sikiliza mwelekeo wa mvua unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kila msimu, kwa sababu vuli na masika siku hizi hazishiki ahadi kama zamani. Mvua ikichelewa Novemba, nyumbu nao huchelewa kushuka kusini. Halafu ongea na mtu aliyeko huko leo, askari wa langoni au dereva wa Karatu au Mto wa Mbu aliyerudi jana. Muulize maji yako wapi. Atakuelewa mara moja.

Siku mbili zilipokwisha nikampigia shangazi. "Shikamoo shangazi. Krismasi mnakwenda Same?"

"Marahaba. Tunakwenda, Mungu akipenda. Tutakosaje?"

"Basi usiwatafutie watoto mwezi mwingine. Lango la Zange, la Mkomazi, liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Vuli ikiwa imenyesha vizuri, tembo wa Tsavo watakuwa wameanza kuvuka. Ingieni alfajiri, nendeni bwawani, msiwe na haraka. Sikuahidi, lakini hapo ndipo ningewapeleka wanangu."

Akanyamaza kidogo. Nilifikiri anapiga hesabu ya fedha. Akauliza, "Na hiyo Noah ya mjomba wako itapita?"

Nikamwambia inategemea kama usiku imenyesha, aulize langoni kabla ya kuingia.

"Sitangoja langoni," akasema. "Marehemu bibi yako alikuwa hapandi mbegu mpaka atoke nje alfajiri, atazame wingu limekaaje juu ya mlima. Nitatoka na hawa watoto, nitazame nao."